Saa Moja Si Kosa

Kila asubuhi Epiphanie hupita mbele ya mlango wangu na beseni la karoti kichwani. Anakwenda mpakani, Petite Barrière, kuvuka kuingia Kongo na kuuza Goma.

"Mwalimu, umeamuka?" huniuliza bila kusimama.

"Nimeamka, mama. Nenda salama."

Wakati huo mume wake, Nzabonimpa, anafungua kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, hapa hapa kwetu Mbugangari, upande wa Rwanda. Binti yao Gwiza, mwenye miaka kumi na mmoja, hunyunyiza maji mlangoni ili vumbi litulie. Kisha humpangia baba yake spana, kubwa hadi ndogo. Mdogo wake Igor, mwenye miaka saba, hutafuta kiatu. Kila siku ya Mungu kiatu kimoja cha Igor kimepotea.

Mimi ni jirani yao, Jovia. Nilizaliwa ukimbizini Karagwe, Tanzania, ndiyo maana majirani hunicheka kwamba Kiswahili changu ni cha kusoma habari redioni. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Sasa nimestaafu. Nilidhani hasira za shule nimeziacha kule pamoja na chaki. Nilijidanganya.

Gwiza alilelewa na bibi yake Goma. Alisoma kule kwa Kifaransa, na nyumbani kwa bibi walizungumza Kiswahili. Mambo yalipoharibika Goma, bibi akamrudisha kwa wazazi wake. Alikuwa amemaliza darasa la nne. Kinyarwanda alikuwa anakisikia kidogo tu. Kiingereza alijua salamu basi. Na shule za huku zinafundisha kwa Kiingereza.

Alhamisi moja Epiphanie hakupita. Alikuja mlangoni kwangu mikono mitupu, na karatasi mbili zimebanwa pamoja.

"Mwalimu, unisomee. Shule ilitutumia hii. Kwetu hakuna mutu wa kusoma Kiingereza."

Niliisoma mara moja. Nikaisoma tena, kwa sababu sikutaka kuamini. Iliandikwa hivi: *Mwanafunzi Gwiza amepata alama mbili kati ya ishirini katika kipimo cha akili. Uwezo wake wa kufikiri ni mdogo. Atawekwa darasa la pili. Mzazi afike Jumatatu, 9:00, kutia sahihi.*

"Darasa la pili?" Epiphanie alishika mdomo. "Igor iko darasa la pili! Atakaa banc moja na mudogo yake?"

"Ndivyo wanavyotaka."

"Mana yanjye, Mungu wangu! Mutoto alikuwa anakuwa wa kwanza kule Goma!"

Tulikwenda naye kibandani. Nzabonimpa alikuwa ameinamia gurudumu la nyuma la baiskeli ya mteja. Habari alikuwa nayo tayari. Mteja mmoja alikuwa amemsomea jana yake, naye hakuthubutu kumwambia mkewe.

"Bon, tufanye nini?" alisema bila kuinua kichwa. "Karatasi haiwezi danganya. Balimupima, banaona akili iko kidogo. Mimi ni nani niseme hapana?"

Aliyasema hayo na mtoto yuko pale, hatua mbili tu kutoka kwake, na spana mkononi.

"Papa, hii ndiyo kumi na tatu," Gwiza alisema polepole, akamnyooshea.

"Wacha, Gwiza. Utachanganya. Igor, leta we."

Igor alikuja akiruka na kiatu kimoja. Akaleta spana isiyo yenyewe. Baba yake akaipokea bila kumgombeza. Gwiza aliiweka yake chini, taratibu, mahali pake kwenye safu. Akaenda kukaa kando ya kibanda kwenye jiwe.

"Tangu jana haongee," Epiphanie aliniambia kwa sauti ndogo. "Ukimuuliza kitu, anasema sijue. Ata ukimuuliza kama amekula, sijue."

Karatasi ina siku moja tu nyumbani, na tayari mtoto amefunga mdomo na baba ameanza kumwona mjinga. Kipimo gani hicho kinachomfanya mtoto awe kile kilichoandikwa?

Nilimfuata pale kwenye jiwe. Nilikaa kando yake. Mbele yetu Nzabonimpa alizungusha gurudumu. Lilitikisika huku na huku. Akalifungua, akalifunga tena. Likatikisika vile vile. Akatukana kwa Kinyarwanda, neno ambalo siliandiki hapa.

Gwiza alinong'ona, kama anajisemea. "Ameweka bille za mbele."

Bille ni zile gololi ndogo za chuma zinazokaa ndani ya gurudumu ili lizunguke vizuri.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

Alinitazama kwanza, kuona kama namtega. "Za nyuma ni kubwa. Zinakuwa tisa huku, tisa huku. Za mbele ni ndogo. Angalia mu kikombe ya Papa. Zenye zilibaki ni kubwa zote, na ziko kumi na nane. Donc, zenye ameweka ni zile ndogo."

Nilisimama, nikaenda kukitazama kikombe. Nikahesabu. Gololi kumi na nane, kubwa zote.

"Mzee Nzabonimpa," nikasema, "hebu fungua tena hilo gurudumu."

"Mwalimu, na wewe unajua vélo?"

"Sijui hata kuipanda. Fungua tu."

Alifungua. Akazimimina gololi kiganjani. Alizitazama muda mrefu, ndogo, zote ndogo. Mawazo yake asubuhi ile yalikuwa kwenye karatasi, si kwenye kazi.

"Nani amekuambia?"

"Yule mwenye akili kidogo," nikajibu. Nakiri, nilimjibu kwa ukali, na sikujuta.

Kisha nilimwomba Epiphanie anipe ile karatasi ya pili. Ilikuwa ni mtihani wenyewe. Tukakaa wote wanne kwenye benchi la wateja. Nilimwambia Gwiza: "Sikuulizi kama majibu yako ni sahihi. Nataka kujua ulifikiria nini. Basi."

Swali la kwanza lilikuwa picha ya kifaa chenye kitufe pembeni. *Kifaa hiki ni cha nini?* Gwiza alikuwa ameandika kwa Kifaransa: kusikiliza habari. Kosa.

"Hiyo ni redio," Nzabonimpa alisema, akiegemea kuona vizuri. "Kosa iko wapi?"

Hata mimi niliona redio. Ilinibidi nisome majibu yaliyochapwa nyuma ya mtihani. Ni mashine ya kuchomea mkate! Nina miaka sitini. Sijawahi kuona mtu Mbugangari anachoma mkate kwa mashine. Hiyo haipimi akili. Inapima jiko la nyumbani kwenu.

Swali la pili lilikuwa picha ya saa ya ukutani. Mshale mfupi kwenye saba, mshale mrefu juu kabisa. Gwiza alikuwa ameandika 1. Amewekewa alama nyekundu ya kosa, kubwa, imetoboa karatasi.

"Hapa ulifikiria nini?"

"Mwalimu alisoma kwa Kiingereza, sikusikia. Akatusaidia kwa Kiswahili. Alisema, ni saa ngapi? Nikaangalia. Ni saa moja."

Nzabonimpa aliitazama picha, akahesabu kwa kidole.

"Lakini ni saa moja," akasema.

"Ndiyo. Ni saa moja. Ameulizwa kwa Kiswahili, amejibu kwa Kiswahili. Wakamsahihisha kwa Kiingereza. Kiingereza kinasema saba."

"Na Kinyarwanda pia ni saa moya!" Epiphanie alipandisha sauti. "Huyo mwalimu mwenyewe, kwake asubuhi anasema saa ngapi?"

"Subiri, mama. Bado lipo moja."

Swali la tano halikuwa na picha. Gwiza alituambia mwalimu alilisoma kwa Kinyarwanda. *Leo ni Jumatano. Ejo ni siku gani?* Sasa, msomaji wangu, jua hivi: katika Kinyarwanda neno *ejo* ni jana, na *ejo* hiyo hiyo ni kesho. Mwenyeji anatambua kwa maneno yanayofuata. Gwiza alikuwa na miezi mitatu tu katika lugha hiyo. Alikuwa ameandika: *mardi ao jeudi*. Jumanne au Alhamisi. Kosa.

"Niliona ejo iko mbili," Gwiza alisema. Sasa sauti ilikuwa imerudi kidogo. "Sikujua anataka ya nyuma ao ya mbele. Nikaandika zote."

Hapo ndipo nilipokasirika kabisa. Mtoto wa miaka kumi na mmoja ameona neno lina maana mbili, akazipima zote mbili, akajibu zote mbili kwa uangalifu. Hiyo ndiyo akili! Tena ni akili ya kutafuta kwa tochi. Na mtu mzima mwenye kalamu akaichorea msalaba, akaandika kwamba uwezo wa kufikiri ni mdogo.

Lakini ngoja niseme ukweli wote. Sehemu ya hasira ile ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nilikuwa na mwanafunzi zamani, Rugwiro. Nilimwandikia "mzito" miaka miwili mfululizo. Sikumuuliza hata siku moja alifikiria nini. Aliacha shule darasa la tatu. Leo anasukuma mizigo mpakani, na akiniona husimama, huvua kofia, husema "Mwarimu." Heshima ile inanichoma kuliko tusi. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Sisi walimu tukadhani ni maneno ya kuwaambia watoto tu.

"Basi mimi sisaini," Epiphanie alisema.

"Usisaini. Lakini kukataa peke yake hakutoshi. Tukifika tuseme tunataka nini."

"Tuseme nini?" Nzabonimpa aliuliza. "Mimi sikusoma, Mwalimu. Nikifika pale, miguu inatetemeka."

"Gurudumu likiletwa kwako linatikisika, unalizungusha mara moja na kusema ni baya, litupwe?"

"Hapana! Ninafungua kwanza. Ninaangalia ni bille, ni axe, ile chuma ya katikati, ao ni fundi mwenye alitangulia."

"Basi ndivyo mtoto anavyopimwa. Kwanza, aulizwe kwa lugha anayoielewa, na jibu lake lisahihishwe kwa lugha hiyo hiyo. Picha ziwe za vitu anavyovijua. Asipimwe kwa nusu saa ya siku moja, tena wiki ya kwanza, akiwa na hofu. Apimwe mara kadhaa. Atazamwe akifanya kazi. Macho yake yapimwe, na masikio, maana mtoto asiyesikia vizuri huonekana mjinga bure. Wazazi waulizwe anaweza nini nyumbani. Na akikosea, aulizwe kwa nini."

"Na nikienda nikakuta kweli iko chini?" Nzabonimpa aliuliza. Aliuliza kwa uaminifu, nikampenda kwa hilo.

"Basi tutajua iko chini wapi, na tutamsaidia pale. Kipimo ni cha kumsaidia mtoto. Si cha kumbandika jina."

Jumatatu tulikwenda, wazazi wawili, Gwiza na mimi. Mvua ya usiku ilikuwa imeharibu njia, tukachelewa. Mkuu wa shule, bwana Rutagengwa, alirudi kutoka Uganda zamani na Kiingereza kizuri na tai zilizonyooka. Kando yake alikaa mwalimu Mugisha, kijana mwembamba mwenye macho ya kuchoka, aliyetoa mtihani ule.

"Wazazi," Rutagengwa alianza kabla hatujakaa, "tuliwaambia saa tatu. Sasa ni saa tatu na dakika ishirini. Mtoto atajifunza nini kwenu?"

Nilitaka kucheka. Mungu ana njia zake.

"Tusamehe, Diregiteri," nikasema. "Ulituambia saa ngapi?"

"Saa tatu! Imeandikwa kwenye karatasi."

Niliifungua karatasi, nikaiweka mezani mbele yake. "Nisomee tarakimu, tafadhali."

Alisoma. "Tisa."

"Wewe umesema tatu. Karatasi inasema tisa. Gwiza aliona saba, akasema moja, mkampa kosa. Sasa na wewe tukuweke darasa la pili, au kuna kipimo kingine cha wakubwa?"

Epiphanie aliangalia sakafu. Nzabonimpa alikohoa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Rutagengwa aliivuta karatasi ya mtihani, akaitazama ile saa na ile 1. Uso wake ulibadilika polepole.

"Mugisha," akasema, "uliwasomea swali hili kwa Kiswahili?"

"Nilitaka kuwasaidia, Diregiteri." Mugisha alikuwa amelowa jasho. "Walikuwa kumi na mmoja waliotoka Goma. Nina watoto sitini na saba darasani. Nilipewa nusu saa, na karatasi iliyotolewa kwenye mtandao. Niliona hawaelewi, nikasoma kwa lugha wanazozijua."

"Ulikuwa na moyo mzuri," nikamwambia. "Lakini uliwasomea kwa lugha yao, ukawasahihisha kwa lugha ya karatasi. Halafu ukaandika kwamba hawana akili. Mwanangu, unajua uzito wa maneno hayo? Huyu mtoto alifunga mdomo siku nzima."

Mugisha alimtazama Gwiza. Kwa mara ya kwanza, nadhani, alimtazama kweli.

"Hili la ejo," akamuuliza kwa Kiswahili, "kwa nini uliandika siku mbili?"

Gwiza alimwangalia mama yake, kisha baba yake. Niliogopa atasema sijui.

"Mwalimu, ejo iko mbili," akajibu. "Ulipaswa kutuambia ni gani."

Nzabonimpa alisimama. Miguu haikutetemeka. "Diregiteri, mi ni fundi wa vélo tu. Sikusoma. Lakini huyu mutoto aliona kosa yangu mu gurudumu, mi mwenyewe sikuiona. Nilimuita mujinga ju ya karatasi yenu. Ninamuomba pardon mbele yenu. Na sitasaini."

Rutagengwa akavua miwani. Kisha akaichukua kalamu na kufuta neno kwa neno sentensi ile ya uwezo mdogo. Akaweka sahihi yake pembeni. "Hatutamshusha," akasema. "Mwalimu Jovia, utakuja kutusaidia kuwapima upya? Wote kumi na mmoja."

Nilikuja. Nani angekataa?

Tulitumia wiki tatu. Hesabu tuliwapa kwa Kifaransa, na maswali ya kufikiri kwa Kiswahili. Picha tulizichora wenyewe na Mugisha: chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo wanayoijua wote, sufuria, jiko la makaa. Muuguzi wa kituo cha afya alikuja kuwapima macho na masikio. Tukazungumza na kila mzazi. Na chini ya kila swali tuliacha mstari mmoja wenye maneno mawili: *Kwa nini?*

Katika wale kumi na mmoja, nane walirudi kwenye madarasa ya umri wao. Wawili walihitaji msaada wa kusoma, wakaanza kuupata. Mmoja, Shyaka, tuligundua hasikii kwa sikio la kushoto. Alikuwa akiitwa mkaidi. Alihamishiwa benchi la mbele upande wa kulia wa mwalimu, akatumwa hospitali, na ukaidi ukaisha.

Gwiza alikuwa hodari wa hesabu na dhaifu wa Kiingereza. Hayo ni mambo mawili, si moja. Akaingia darasa la tano, na mara tatu kwa wiki, baada ya masomo, Mugisha akamfundisha Kiingereza pamoja na wenzake. Mwisho wa muhula alikuwa wa kumi na nne kati ya sitini na saba. Si wa kwanza. Lakini alikuwa mahali pake, na alikuwa anaongea hadi mama yake anamwomba apumzike.

Je, hasira yangu imeisha? Haijaisha. Ipo karatasi kama ile leo kwenye mfuko wa mtoto fulani, mahali fulani, na mzazi anaitia sahihi kwa sababu imegongwa muhuri.

Lakini wiki iliyopita nilipita kibandani jioni. Igor alikuwa amesimama mbele ya baba yake, kichwa chini, viatu vyote viwili miguuni, ajabu. Mkononi ana daftari lenye sifuri. Waliambiwa wachore nyumba yenye kuta nne. Alikuwa amechora mbili.

Nzabonimpa alivuta pumzi ya kugomba. Niliijua pumzi ile.

"Papa," Gwiza alisema kutoka kwenye safu ya spana, "muulize kwanza."

Baba yake aliifunga midomo. Akaweka gurudumu chini, akafuta mikono kwa kitambaa, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya mwanawe.

"Bon. Igor, niambie. Ulifikiria nini?"

Igor alionyesha nyumba yao wenyewe, ng'ambo ya barabara.

"Papa, angalia. Zingine mbili ziko nyuma."